Kontena la futi 20 au la futi 40? Hesabu inayoamua bei ya mali Butembo na Beni

Bei ya karo, ya sahani au ya jozi ya viatu katika soko la Butembo haianzi kupangwa Kasindi, wala kwenye barabara ya Beni. Inaanza siku ile mfanyabiashara anapochagua sanduku la chuma litakaloleta mali yake kutoka Guangzhou, Mumbai au Dubai. Mjini wengi huliita vingt pieds au quarante pieds, na wengi huamini kwamba kubwa ni bora kuliko dogo kwa sababu linabeba zaidi. Kwa matela, ni kweli. Kwa makaro si kweli hata kidogo, na anayekosea hulipia hewa safari nzima: baharini, kwenye lami ya Kenya na Uganda, kisha tena mbele ya duwane.

Jambo lenyewe ni rahisi kulisema na ni rahisi kulisahau. Kontena hujaa kwa njia mbili: hujaa nafasi, au hujaa uzito. Kimoja kikijaa, upakiaji umekwisha, hata kama kingine bado. Asiyejua ni kipi kitatangulia kujaa kwa mali yake hawezi kujua mali hiyo itamgharimu kiasi gani ikifika kwenye depo lake.

Bahari ya Butembo iko mashariki

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina bandari zake, Matadi na Boma, upande wa Atlantiki. Lakini mzigo ulioshushwa Matadi hauna barabara ya kuaminika ya kuvuka nchi nzima hadi Kivu ya Kaskazini. Kwa watu wa Butembo, Beni na Lubero, bahari ni ile ya Hindi, na mlango wake mkubwa ni Mombasa, bandari ambayo mwaka 2024 ilipitisha makontena zaidi ya milioni 2, yakihesabiwa kwa kipimo cha futi 20.

Kutoka Mombasa, kontena hupita Nairobi, huvuka mpaka wa Kenya na Uganda kule Malaba au Busia, hufika Kampala, hupanda hadi Kasese na kushuka Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lubiriha ndipo Kasindi. Hapo bado kuna kilomita 80 hivi hadi Beni na nyingine 54 hadi Butembo. Safari yote ya nchi kavu inazidi kilomita 1,700.

Ni safari ambayo watu wa Butembo wameizoea. Tangu miaka ya 1990 wafanyabiashara wa mji huo wanajulikana kwa kwenda wenyewe Dubai na Asia kununua mali, badala ya kungoja iletwe na wengine. Waliofaulu walijifunza mapema kwamba faida haitoki tu kwenye bei ya kiwandani. Hutoka pia kwenye namna mali ilivyopangwa ndani ya sanduku.

Sanduku lenyewe lina vipimo gani

Biashara ya makontena ilianza kwa umbo lake la leo tarehe 26 Aprili 1956, wakati meli Ideal X ya Mmarekani Malcom McLean ilipoondoka Newark kwenda Houston ikiwa na masanduku 58. Miaka ya 1960 nchi nyingi zilikubaliana juu ya vipimo vya pamoja. Ndiyo maana sanduku lililopakiwa China hukamatwa vilevile na winchi ya Mombasa na kufungwa vilevile kwenye trela la Uganda: pembe zake nane zina matundu ya aina moja dunia nzima.

Kontena la kawaida la futi 20 lina urefu wa mita 6.06 kwa nje, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59. Ndani hupungua kidogo: urefu wa mita 5.90, upana wa mita 2.35, kimo cha mita 2.39. Nafasi yake ni mita za ujazo 33 hivi, yaani visanduku 33 vyenye mita moja kila upande.

La futi 40 lina urefu wa mita 12.19 kwa nje na nafasi ya mita za ujazo 67 hivi. Kuna pia la futi 40 lenye kimo kirefu, ambalo urefu na upana wake ni uleule, lakini limeinuliwa hadi mita 2.90. Hilo lina nafasi ya mita za ujazo 76, na ndilo linalopendwa kwa mali nyepesi. La futi 45 lipo pia, lenye mita za ujazo 86 hivi.

Makontena mawili ya futi 20 hayatimizi futi 40 kamili. Yakiwekwa mfululizo, hubaki mwanya wa sentimita 7 na nusu kati yao. Mwanya huo uliwekwa makusudi, ili mawili yaweze kukaa mahali pa moja bila kugongana.

Mlango nao una kipimo chake. Kwenye kontena la kawaida, uwazi wa mlango ni upana wa mita 2.34 na kimo cha mita 2.28. Mashine yenye kimo cha mita 2.35 ingetosha ndani, lakini haitaingia. Kwa mitambo ya namna hiyo, yapo makontena yasiyo na paa na mengine yasiyo na kuta za pembeni, ingawa kodi yake ni ya juu zaidi.

Kubwa mara mbili, lakini nguvu ileile

Hapa ndipo wengi huteleza. Kontena la futi 20 likiwa tupu lina uzito wa tani 2.2 hivi, na uzito wa mwisho unaoruhusiwa, sanduku na mali pamoja, kwa kawaida ni tani 30.48. Mali yenyewe basi inaweza kufika tani 28. Kontena la futi 40 likiwa tupu lina tani 3.7 au zaidi, na mengi yao yana kikomo kilekile cha tani 30.48. Mali inayobaki ni tani 26 na nusu hivi. Yale mapya yenye kikomo cha tani 32.5 hufika tani 28 na zaidi kidogo.

Maana yake ni kwamba kontena la futi 40 lina nafasi mara mbili ya lile la futi 20, lakini halibebi uzito mara mbili. Hubeba karibu uzito uleule, na mara nyingi pungufu.

Chukua makaro. Karo ngumu yenye unene wa sentimita moja ina uzito wa kilo 20 hivi kwa mita moja ya mraba. Tani 26 za karo hiyo ni mita za mraba 1,300, na zinakalia mita za ujazo 13 tu. Katika kontena la futi 20 hiyo ni chini ya nusu ya nafasi. Katika lile la futi 40 haifiki hata sehemu moja kati ya tano. Macho yanaona sanduku tupu, lakini mzani unasema limejaa. Anayekodi futi 40 kwa makaro peke yake amelipia ukumbi wa kubebea meza mbili. Manjanja, misumari, nondo na vipuri vya magari viko upande huohuo.

Sasa chukua matela ya povu. Povu la kawaida lina uzito wa kilo 20 hivi kwa mita moja ya ujazo. Matela ya mita 1.90 kwa 1.40, yenye unene wa sentimita 20, hula zaidi kidogo ya nusu mita ya ujazo. Kontena la futi 20 litapokea kama 60 na kujaa hadi darini, huku mali ikiwa haijafika hata tani moja. Lile la futi 40 lenye kimo kirefu litapokea zaidi ya mara mbili, na bado halitafika tani mbili. Ndiyo sababu viwanda huyafyonza hewa na kuyakunja kabla ya kuyapakia: hapo adui ni nafasi, si uzito. Viatu, mabeseni ya plastiki, maua ya mapambo na vyombo vya katoni kubwa viko upande huu.

Katikati ipo mali inayojaza vyote viwili kwa pamoja. Mchele ni mfano mzuri. Tani 25 za mchele, yaani magunia 1,000 ya kilo 25, karibu zinamaliza nafasi ya futi 20 na karibu zinamaliza uzito wake. Balo za nguo zilizokandamizwa kwa mashine nazo hukaribia hivyo katika futi 40 la kimo kirefu: zinaweza kufika tani 24 au 25. Balo zilezile zikifungwa kwa mkono bila kukandamizwa, uzito hushuka sana kwa nafasi ileile.

Na ipo mali ambayo haihitaji kontena kabisa. Simenti ya kiwanda cha Hima, kilichoko wilaya ya Kasese karibu na mpaka, huvuka kwa malori ya kawaida. Mafuta ya magari huja kwa malori ya tangi. Kontena lina maana kwa mali inayotoka ng'ambo ya bahari, au inayokwenda huko.

Mzani wa barabarani

Meli ikikubali uzito, barabara bado haijasema neno lake. Tangu Julai 2016, sheria ya kimataifa ya usalama wa meli inadai kila kontena lipimwe na uzito wake uandikwe kabla ya kupakiwa. Lakini mizani ya Kenya, kama ile ya Mariakani na Athi River, haiangalii jumla peke yake. Huangalia uzito unaokalia kila ekseli.

Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ekseli ya mbele ya lori inaruhusiwa tani 8, ekseli mbili za nyuma ya kichwa tani 18 kwa pamoja, na tatu za trela tani 24. Jumla kwa lori la ekseli sita ni tani 50. Kikomo cha juu kabisa, kwa magari ya ekseli saba, ni tani 56. Lori na trela lake likiwa tupu huwa na tani 15 hivi au zaidi, kwa hiyo kontena la tani 30 linapita kwa jumla.

Shida huwa kwenye mpangilio. Makaro yakirundikwa nyuma ya sanduku kwa sababu ndiko karibu na mlango, ekseli tatu za trela zitazidi tani 24 hata kama jumla ya lori iko chini ya 50. Dereva atasimamishwa, atatozwa faini, na mara nyingine mzigo utafunguliwa upangwe upya, kwa gharama ya mwenye mali aliye Butembo. Kanuni ya wapakiaji wazoefu ni fupi: mali nzito hutandazwa chini, kwenye sakafu yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na nyepesi hukaa juu yake.

Trela moja linaweza pia kubeba makontena mawili ya futi 20, lakini yakiwa mepesi tu. Mawili ya tani 28 kila moja hayawezi kupita kwenye mzani wowote wa barabara hiyo.

Duwane nayo hutoza hewa

Gharama ya kontena haiishii kwa mwenye meli na mwenye lori. Nchini Kongo, duwane (DGDA) haihesabu ushuru juu ya bei ya kiwandani peke yake. Thamani inayotozwa inajumlisha bei ya mali, bima na usafirishaji. Kisha ushuru wa kuingiza ni asilimia 5, 10 au 20 kulingana na aina ya mali, na juu yake huja kodi ya TVA ya asilimia 16.

Kwa mali ya asilimia 20, hesabu ni hii. Kila dola 100 za usafirishaji zinazaa dola 20 za ushuru. Dola 120 hizo zinatozwa TVA ya dola 19.20. Dola 100 zimekuwa 139.20, kabla ya ada za ofisi nyingine. Anayelipa dola 1,000 zaidi kwa sababu alichagua kontena lisilofaa hakupoteza 1,000. Amepoteza karibu 1,400, na mama anayenunua sahani sokoni ndiye atakayezirudisha, franga kwa franga.

Grupaji: kuunganisha mali, na kuunganisha hesabu

Si kila mfanyabiashara wa Butembo au Beni anaweza kujaza kontena peke yake. Wadogo huungana: mmoja huleta viatu, mwingine vipuri vya pikipiki, mwingine vitenge, na wote hugawana sanduku moja. Ndiyo grupaji. Huwasaidia wengi kufika Guangzhou kwa mtaji ambao peke yake usingetosha. Lakini ndiyo pia chanzo cha magomvi, kwa sababu watu hukubaliana kuhusu kontena kabla ya kukubaliana kuhusu kipimo.

Grupaji nzuri ni ndoa ya mali nzito na mali nyepesi. Tuseme mmoja ana tani 20 za makaro, zinazokalia mita za ujazo 10. Mwenzake ana mabeseni ya plastiki yenye tani 6, yanayokalia mita 60. Kila mmoja peke yake angekodi sanduku na kuliacha nusu yake bila kazi: la karo lingebaki na nafasi, la mabeseni lingebaki na nguvu. Wakiungana katika futi 40 moja la kimo kirefu, wanafika mita 70 na tani 26. Sanduku limejaa kwa njia zote mbili, na safari moja imefanya kazi ya mbili.

Lakini nani alipe kiasi gani? Wakigawana kwa nafasi, mwenye karo atalipa asilimia 14 tu. Wakigawana kwa uzito, atalipa asilimia 77. Mawakala wa meli wanaokusanya mizigo midogo hutumia kanuni ya tatu: kila mmoja huhesabiwa kwa tani zake au kwa mita zake za ujazo, ile iliyo kubwa. Kwa kanuni hiyo mwenye karo anahesabiwa 20, mwenye mabeseni 60, na wa kwanza analipa asilimia 25. Ni mali ileile na sanduku lilelile, lakini majibu matatu yaliyo mbali sana. Wanaoandikiana kanuni kabla ya kutuma pesa hubaki marafiki baada ya kontena kufika.

Kuna hatari nyingine ya grupaji. Kontena moja lina hati moja ya meli, ile connaissement, na karatasi zinazofuatana nayo: orodha ya mali, fomu ya FERI ya OGEFREM, ukaguzi wa OCC. Mmoja akificha katoni ambazo hakuzitaja, si katoni zake tu zitakazosimama Kasindi. Ni sanduku zima, na mtaji wa wote waliomo.

Kusoma mlango wa kontena

Hata asiyejua lugha za kigeni anaweza kusoma kontena kabla halijafungwa. Mlangoni huandikwa herufi nne, ya nne kwa kawaida ikiwa U, kisha tarakimu sita na moja ya mwisho iliyozungushiwa kisanduku. Tarakimu hiyo ya mwisho hupatikana kwa hesabu kutoka kwa zile zilizotangulia. Mtu akikosea herufi au tarakimu moja wakati wa kuandika hati, kompyuta ya bandari au ya duwane huona mara moja kwamba hazilingani. Namba isiyolingana kwenye hati na kwenye mlango ni mwanzo wa siku nyingi za kungoja.

Chini yake kuna alama fupi ya aina. 22G1 ni futi 20 la kawaida. 42G1 ni futi 40 la kawaida. 45G1 ni futi 40 la kimo kirefu, si futi 45 kama wengine wanavyodhani. Kwenye mlango wa kulia kuna mistari minne: MAX GROSS ni uzito wa mwisho unaoruhusiwa, TARE ni uzito wa sanduku tupu, NET ni uzito wa mali linayoweza kubeba, na CU. CAP. ni nafasi yake kwa mita za ujazo. Mfanyabiashara aliyeambiwa na wakala wake kwamba amepakiwa tani 29 katika futi 40 anaweza kuomba picha ya mlango huo na kuona mwenyewe kama linaruhusu.

Likija limejaa, linarudi na nini?

Sehemu kubwa ya makontena ni mali ya kampuni za meli. Mwenye mzigo hupewa siku kadhaa za kulitumia bure. Zikipita, kila siku ina malipo yake hadi sanduku tupu lirudi. Barabara ikifungwa na mvua au na vita, siku huendelea kuhesabiwa. Kwa mizigo ya Kongo, kampuni nyingi hudai dhamana ya pesa kabla ya kuachia sanduku lao livuke mpaka. Ndiyo maana baadhi ya wafanyabiashara huhamishia mali kwenye malori Mombasa, Kampala au Kasindi na kuacha kontena nyuma, na wengine hununua kontena lao moja kwa moja. Lililonunuliwa halirudi tena. Huishia kuwa duka, depo au ofisi.

Hapo ndipo penye hasara kubwa ambayo haionekani. Lori lililopanda hadi Butembo likiwa limejaa likishuka tupu hadi Mombasa, mwenye lori hutoza safari mbili kwa mzigo mmoja. Lakini ardhi ya Beni na Lubero ina mali ya kujaza masanduku hayo: kahawa ya miteremko ya Ruwenzori na ya milima ya Lubero, kakao ya Beni, papaini, maganda ya mkwinini, mbao.

Kahawa ina kipimo chake kinachojulikana dunia nzima: magunia 320 ya kilo 60 katika futi 20, yaani tani 19.2. Mnunuzi wa Ulaya akisema kontena moja, ndicho anachomaanisha. Kwa chama cha ushirika cha wakulima, hicho ni kizingiti. Chama chenye tani 12 hakina kontena. Lazima kiungane na kingine, au kiuze kwa bei ya mpita njia. Kakao, ambayo kwa nafasi ileile ni nyepesi kuliko kahawa, humaliza nafasi kabla ya uzito, na kwayo futi 40 ina maana zaidi.

Sanduku lenyewe lazima likaguliwe. Mali ikitoka kwenye baridi ya milima na kuteremka kwenye joto la pwani, kisha kukaa wiki kadhaa baharini, kuta za chuma hutoa jasho na matone huangukia magunia. Kahawa yenye unyevu usiozidi asilimia 12 na kakao isiyozidi 8, kwenye sanduku kavu lililotandikwa karatasi ngumu ndani, hufika salama. Zikipakiwa mbichi hufika na ukungu, na bei iliyokubaliwa hufutwa. Njia rahisi ya kukagua kontena tupu haina gharama: mtu huingia ndani, milango hufungwa, na huangalia kama kuna tundu linalopitisha mwanga.

Barabara ndiyo kipimo cha mwisho

Hesabu zote hizi zinategemea kilomita 134 za mwisho. Mradi wa kutengeneza barabara za Kasindi–Beni na Beni–Butembo, uliozinduliwa mpakani Juni 2021 na marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni, uliahidi kufupisha safari hiyo. Aprili 2022 Kongo ilitia saini mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Julai mwaka huo ikawa mwanachama kamili. Lakini kwenye barabara ya Beni–Kasindi, inayopita ndani ya mbuga ya Virunga na kuvuka mto Semliki, magari yameshambuliwa na kuchomwa mara kadhaa na watu wenye silaha. Kontena la grupaji likiungua, haliungui la tajiri mmoja. Mtaji wa familia kumi au ishirini huondoka kwa saa moja, na wengi wao hawana bima ya sehemu hiyo ya safari.

Kutoka Butembo kwenda Lubero, kilomita 45 hivi kusini kwenye barabara ya kitaifa namba 2, kontena halina kazi tena. Mali hushushwa, hugawanywa na kupanda milima kwa Fuso na magari madogo hadi Musienene, Lubero na vijiji vya mbele. Kila kushusha na kupakia kuna watu wa kulipwa na katoni za kuvunjika. Mwenye duka wa Lubero anayenunua sahani kumi hajaliona kontena, lakini analipa sehemu yake ya futi 20 au 40 sawa na yule aliyelikodi.

Kabla ya kutuma pesa, basi, maswali ya kumuuliza wakala ni machache. Mali yangu ina kilo ngapi na mita za ujazo ngapi? Kipi kitatangulia kujaa? Uzito utatandazwa vipi sakafuni? Tukigawana sanduku, tunagawana kwa kipimo gani? Na likishashushwa Butembo, linarudi pwani na nini ndani yake? Wakala asiyeweza kujibu la kwanza na la pili hajapakia mali ya mtu. Anapakia pesa zake tu.